Moshi wa Injini ya Dizeli
Mji wa Eldoret uko kadiri ya mita 2,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Lori la dizeli lisilofuka Mombasa laweza kutoa moshi mweusi huko: mafuta ni yale yale, hewa ya kuyachoma imepungua. Trekta nalo, vumbi la shamba la ngano likiziba chujio lake la hewa, huzidi kufuka. Basi mwenyewe na atazame chujio kwanza, kabla ya kumlipa fundi fedha nyingi afungue pampu na nozeli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi si neno, ukikoma injini ipatapo moto. Usipokoma, na maji ya rejeta yakipungua, injini na izimwe upesi.