Mayai Kumi Bila Kifaranga

Wasomaji wenzangu, likizo iliyopita nilifanya kosa ambalo nataka kuwaeleza, ili asitokee mwingine wa kulirudia.

Mama alikuwa na kuku aliyeanza kuatamia. Alinipa ruhusa nipate vifaranga wake, niwakuze na kuwauza kwa ajili ya ada ya shule. Mimi niliyadharau mayai ya kuku yule kwa kuwa ni madogo, tukayala. Nikanunua dukani mayai kumi makubwa, nikamwekea. Siku 21 zikapita, kisha 25. Nilipoyavunja, yote yalikuwa viza. Fedha zangu zimepotea, na kuku wa watu amekonda bure. Mama akaniuliza, "Mwanangu, mayai hayo yalikuwa na baba?" Sikuwa na jibu.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Alivunja mayai mawili katika sahani, moja la dukani na moja la kuku anayeishi na jogoo. Juu ya kila kiini palikuwa na doa jeupe. La kwanza lilikuwa dogo tu; la pili lilikuwa kubwa zaidi, la mviringo kama pete. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kifaranga hafanyiki kwa kile kiini cha manjano, kama nilivyodhani. Hutoka katika doa lile, na kiini ni chakula chake.

Basi mambo huendaje? Jogoo akimpanda kuku, mbegu zake huingia mwilini mwa kuku, nazo huweza kukaa humo hai wiki mbili au zaidi. Kiini kikitoka mahali kinapokulia, huingia katika mdomo wa mrija wa uzazi. Mbegu ya jogoo sharti ikikute hapo, kabla hakijafunikwa kwa ute na ganda, kwa maana ganda likisha kuwapo hakuna mbegu ipenyayo. Safari ya mrija ule huchukua karibu siku nzima, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kutengeneza ganda. Wakati huo doa halilali: seli moja hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, hata yai linapotagwa zimekwisha kuwa maelfu mengi.

Yai likitagwa hupoa, na ukuaji husimama ukingojea joto. Ndiyo maana kuku hutaga siku nyingi, lakini vifaranga huanguliwa karibu siku moja. Akianza kuatamia, joto la nyuzi 37 na nusu hivi huamsha kazi ile tena. Kabla ya siku mbili kwisha, moyo huanza kupiga. Aristotle, mtaalamu wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika habari za moyo huo, uonekanao siku ya tatu kama tone la damu linalorukaruka.

Mayai ya dukani mara nyingi hutoka kwa kuku wanaofugwa bila jogoo. Ni chakula kizuri, lakini hata yakiatamiwa mwaka mzima hayatoi kifaranga.

Sasa nafanya mambo mawili. Kwanza, nauliza habari za jogoo kabla ya kununua yai la kuatamiwa. Pili, siku ya saba nalishika kila yai mbele ya tochi gizani. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu hung'aa tupu, nami naliondoa.

Ndugu zangu, mayai niliyoyala kwa dharau ndiyo yaliyokuwa na ada yangu. Mama hakusoma elimu ya viumbe, lakini swali lake lilikuwa ndilo somo lenyewe.