Kuacha iPhone kwa simu ya bei nafuu: kazi iko kwenye kuhama

Washington, D.C.

Simu ya iPhone ya hali ya juu huuzwa hapa kwa zaidi ya dola 1,000, wakati simu nyingi zinazotumia mfumo wa Android hupatikana kwa chini ya dola 200. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba ugenini na ada ya shule nyumbani, tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, wengi waliozoea iPhone hawahami.

Suala hilo limefika mahakamani. Machi 21, 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani, majimbo 15 na Wilaya ya Columbia, yaani jiji la Washington lenyewe, walifungua kesi dhidi ya kampuni ya Apple katika mahakama ya shirikisho ya New Jersey. Wanadai kuwa Apple imehodhi soko kwa kuwawekea wateja vikwazo wanapotaka kuhamia simu nyingine. Apple imekanusha madai hayo. Juni 2025, Jaji Julien Neals alikataa ombi la kampuni hiyo la kuitupa kesi.

Hati za mashtaka zinataja ujumbe wa mwaka 2016, ambamo ofisa wa Apple alisema kuipeleka huduma ya iMessage kwenye Android kungeiumiza kampuni kuliko kuisaidia. Mwaka 2022, mtu mmoja alimweleza mkuu wa Apple, Tim Cook, kwamba mama yake hapati vizuri video anazomtumia kwa sababu ya tofauti ya simu. Cook alimjibu amnunulie mama yake iPhone. Septemba 2024, Apple iliongeza mfumo wa RCS, na picha zinazokwenda Android zikaboreka.

Kwa Waafrika Mashariki wengi, kikwazo hicho ni chepesi, kwani mazungumzo ya nyumbani hupita WhatsApp, inayofanya kazi pande zote mbili. Ugumu uko kwingine. Programu ulizolipia kwenye iPhone hazihami nawe, na saa ya Apple haifanyi kazi na Android.

Anayetaka kuhama ajipange mapema. Kwanza, azime iMessage kabla ya kutoa laini kwenye simu ya zamani. Asipofanya hivyo, ujumbe wa marafiki wenye iPhone unaweza kupotea njiani. Pili, ahamishe mazungumzo ya WhatsApp kwa waya wakati simu mpya inawashwa kwa mara ya kwanza. Tatu, asiiweke kando simu ya zamani mpaka ahakikishe kuwa benki na huduma za kutuma fedha zinamtambua kwenye simu mpya.

La mwisho linawahusu walioko nyumbani. Mara nyingi simu ya zamani hupelekwa kwa mdogo wako au mzazi. Kama ilinunuliwa kwa mkataba, huenda imefungwa kwa kampuni moja ya simu ya Marekani na haitapokea laini ya Nairobi wala Dar es Salaam. Na kama hukujiondoa kwenye akaunti yako ya Apple, itadai nenosiri lako kabla ya kutumika. Kamilisha yote mawili kabla ya kumkabidhi msafiri, ili ndugu yako asipokee simu nzuri isiyomfaa kitu.