Fahamu: Mtoto wa mbwa anapokojoa damu

Mvua zinapoanza mjini Likasi, majani hurefuka na kupe nao huongezeka. Mtoto wa mbwa akikojoa mkojo mwekundu, chukua mkojo huo kidogo katika glasi safi na uuache kama nusu saa. Wekundu ukizama chini na juu kukabaki manjano, ni damu yenyewe: huenda kibofu kimeambukizwa, kina vijiwe, au mnyama amekula sumu ya panya. Mkojo ukibaki mwekundu au wa kahawia kote, huenda chembe za damu zinapasukia mwilini, na hapo mshukiwa wa kwanza ni babesia, kimelea kinacholetwa na kupe.

Babesia ya huku kusini mwa Sahara ni kali. Yaweza kumuua kitoto kwa siku chache. Tazama fizi: zikiwa zimepauka, usingoje kesho. Veterineri atachoma ncha ya sikio, apake tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa darubini. Tiba ni sindano ya diminazini au imidokabu, ikipimwa kwa uzito wa mnyama. Tafadhali usiidunge mwenyewe: diminazini ikizidi huharibu ubongo. Aliyepungukiwa sana na damu huongezewa ya mbwa mwingine. Maambukizi ya kibofu hutaka antibiotiki.

Usimpe mbwa paracetamol wala ibuprofen, ni sumu kwake. Nawa mikono ukishashika mkojo, maana bakteria wa leptospira humwambukiza mtu pia. Kupe wanyofoe kila jioni, masikioni na katikati ya vidole.