VINYWAJI VYA NGUVU NA MTINDI WA MWANZA

Mitihani ikaribiapo nawaona wenzangu wengi katika maduka ya Igoma wakinunua vinywaji vya kuongeza nguvu. Wengine hujinyima chakula cha mchana ili wapate fedha ya chupa moja. Kwa hiyo naona yafaa nieleze kidogo habari za biashara hii, maana inazidi kukua.

Chakula cha kawaida hushibisha na kujenga mwili. Lakini viko vyakula na vinywaji vinavyouzwa kwa madai ya faida zaidi, kama vile kuchangamsha akili au kutengeneza tumbo. Serikali ya Japani iliviwekea kanuni mwaka 1991, ili mwenye kiwanda asiandike madai kama hayo pasipo uthibitisho.

Sasa tutazame ile chupa. Red Bull ya kawaida, ambayo imeenea duniani, ina kafeini miligramu 80 na sukari gramu 27 katika mililita 250. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima. Na nguvu yenyewe ni ya namna gani? Katika ubongo mna kitu kiitwacho adenosini, ambacho hutuletea usingizi. Kafeini hukaa mahali pake na kukizuia kisifanye kazi. Uchovu haukuondoka, ila habari zake hazifiki! Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini ingali mwilini. Basi anywaye saa tatu usiku bado anayo nusu saa nane. Nao usingizi ndio unaokaza kichwani yale tuliyosoma mchana.

Kuna kitu kingine ambacho mimi nakisifu zaidi, nacho kimetengenezwa hapa hapa Mwanza. Mwaka 2004 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi wa pekee, wakisaidiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa (NIMR), shirika la Kivulini, na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Maziwa huchemshwa ili vijidudu vibaya vife, hupozwa, kisha hutiwa mbegu ya mtindi pamoja na kijidudu chema kiitwacho Lactobacillus rhamnosus GR-1, yakaachwa penye joto hata yagande. Walikusudia hasa kusaidia lishe na matumbo ya watu wenye virusi vya ukimwi. Mtindi huo si dawa ya ukimwi, na asiwepo wa kuuuza kwa jina hilo. Lakini fedha yake humfikia mama mtengenezaji na mwenye ng'ombe, jambo ambalo si dogo.

Vijidudu hivyo hufaa vikiwa hai. Mtindi ukipashwa moto sana baada ya kuganda, hufa vyote, hata kama kopo lina maandishi mazuri.

Mwisho kuna unga wa ngano. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda kuutia madini ya chuma na vitamini. Hivyo andazi la asubuhi nalo limo katika hesabu hii, ingawa mama anayeliuza hapigi kelele yoyote.