Alienda Kufunga Ndoa, Akapoteza Nchi

Moyo hauulizi pasipoti, lakini serikali itauliza. Na ukifika dirishani unaweza kukuta mwenzako anapimwa kwa kilo na wewe unapimwa kwa debe.

Haya jamani! Kila mwezi hapa tunaongea wivu, mawifi, mahari na simu zinazolia usiku wa manane. Mwezi huu tunaongea karatasi. Usifunue ukurasa mwingine ukadhani hayakuhusu, maana kisa tunachoanza nacho kilianzia kwenye jambo tamu kuliko yote: mwanaume kutaka kuoa.

Ilikuwa mwaka 2012, mjini Babati, mkoani Manyara. Kijana mmoja, ambaye kwa maelezo yake alizaliwa mwaka 1979 huko Masinono, Butiama, mkoani Mara, alikwenda kituo cha polisi kufuatilia taratibu za ndoa yake. Pasipoti ya Tanzania anayo. Cheti cha kuzaliwa anacho. Mchumba yupo. Unadhani alitoka na nini? Alitoka mikono mitupu. Pasipoti ilibaki kwa polisi, akaambiwa uraia wake unatiliwa shaka.

Wee! Umekwenda kutafuta mke, unarudi huna nchi.

Alihangaika na barua na safari za ofisini kwa miaka miwili. Mwezi Agosti 2014 alirudi kuulizia pasipoti yake, akakamatwa. Tarehe 1 Septemba 2014 akafukuzwa nchini na kupelekwa Kenya. Kenya nao wakamkagua, wakaona hana kibali cha kukaa kwao, wakamrudisha. Tanzania ikasema si wetu. Basi ikawa kama mpira wa kona, huyu anapiga kichwa na yule anapiga kichwa. Mwisho wa siku akawa anaishi pale Sirari, kwenye kipande cha ardhi katikati ya nchi mbili, ambacho si huku wala si kule.

Hii si hadithi ya kijiweni. Ni shauri lililofika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao yake Arusha, namba 012/2015: Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Hukumu ilitolewa tarehe 22 Machi 2018, na kijana alishinda. Majaji walisema alinyang'anywa uraia na kufukuzwa kiholela, tena bila nafasi ya kusikilizwa na mahakama yoyote ya nyumbani.

Kuna jambo moja kwenye hukumu hiyo litakalokuacha mdomo wazi. Serikali haikupinga kwamba wale aliowataja kuwa wazazi wake ni Watanzania. Ilichobishia ni kwamba yeye ni mtoto wao. Ushahidi wa mashahidi ukawa unapingana, na mahakama ikasema kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kingeweza kumaliza ubishi. Ikasema pia kwamba mtu akishakuwa na hati alizopewa na serikali yenyewe, kazi ya kuthibitisha kuwa si raia ni ya serikali, siyo yake. Fikiria kidogo. Hati iliyokubalika siku anaitumia kusafiri ndiyo ileile iliyokataliwa siku anataka kuoa.

JINA HALINA PASIPOTI

Kwa watu wa Mara mpaka si kitu cha kwenye ramani tu. Ukipanda basi Bunda au Musoma, ukapita Tarime, mara Sirari hiyo hapo, na hatua chache mbele ni Isebania, Kenya. Mstari ule walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Hawakumuuliza Mkurya wala Mjaluo. Ndiyo maana hadi leo kuna Wakurya wa Tarime na Wakurya wa Kenya, Wajaluo wa Rorya na Wajaluo wa Migori. Wanasalimiana kwa lugha moja, wanazikana na wanaoana.

Sasa chukua jina Ochieng. Utalikuta Rorya, utalikuta Musoma mjini, na utalikuta Homa Bay. Jina peke yake haliwezi kumwambia askari mtu ni wa upande gani. Lafudhi nayo haisemi. Lakini kwenye basi, nani anaulizwa "Kitambulisho chako kiko wapi?" na nani anaachwa aendelee kula mahindi yake? Kama kigezo ni sikio la afande, basi ukaguzi unakuwa bahati nasibu. Leo zamu ya huyu anakupita, kesho zamu ya yule anakushusha.

Tuseme ukweli, mpaka lazima ulindwe. Hakuna nchi inayoacha mlango wazi saa zote. Lakini sheria nzuri ni ile ambayo jibu lake halibadiliki kwa sababu zamu imebadilika.

KAKA ANAWEZA, DADA HAWEZI

Wale mliofikiri upendeleo uko barabarani tu, kaeni vizuri. Mwingine umo ndani ya sheria yenyewe, na huu unagusa vyumba vyetu vya kulala.

Tuchukue mfano wa nyumba moja pale Musoma. Mzee ana watoto wawili, wa kiume na wa kike. Kaka anauza samaki Mwigobero, amempenda binti wa Migori. Dada ana duka la vitenge Bunda, naye amempenda kijana wa huko huko Migori. Wote wanafunga ndoa halali na wote wanapata vyeti. Mzee anachinja ng'ombe mara mbili. Wakwe wanafurahi pande zote.

Sasa njoo kwenye Sheria ya Uraia, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995. Kifungu cha 11 kinampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Kwa hiyo yule wifi kutoka Migori njia yake ipo, imeandikwa.

Na shemeji je? Kuhusu mwanaume mgeni aliyemuoa Mtanzania, kifungu hicho kimya! Ndoa haimpi njia yake maalumu. Anapanga foleni ya kawaida ya uraia wa tajnisi pamoja na mgeni mwingine yeyote. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 ya nyuma yake awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, kisha Waziri aamue. Kabla ya hapo ni kuishi kwa vibali, na vibali vina tarehe za kuisha.

Mpaka hapo umeiona kasheshe? Watoto wa baba mmoja wamelelewa nyumba moja na kuchota maji ziwa moja. Penzi la kaka lina mlango, penzi la dada lina dirisha lenye nondo. Ni kama vile sheria inamwambia binti: "Ukiolewa na mgeni, mfuate kwao." Hiyo ni mila ya zamani iliyovaa suti ya sheria.

Wapo watakaosema tunalinda nchi dhidi ya wanaume wanaooa ili wapate makaratasi. Sawa, ndoa feki zipo. Lakini zipo kwa jinsia zote! Kama dawa ni kuchunguza, basi wachunguzwe wote, wifi na shemeji.

MAJIRANI WAMEFANYAJE?

Kenya nao walikuwa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Wakabadilika kwa Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 15 inasema aliyeoana na raia kwa miaka isiyopungua 7 anaweza kuomba uraia, awe mwanaume au mwanamke. Kwa maana hiyo binti wa Migori akiolewa na Mtanzania, mumewe anaweza kuomba kwao. Tatizo ni kwamba Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, hivyo akiupata wa kule anapoteza wa huku.

Botswana ni mfano mwingine. Mwanasheria Unity Dow, Mtswana aliyeolewa na Mmarekani, aliishtaki serikali yake kwa sababu watoto wake walinyimwa uraia kupitia mama. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1991, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Kwenye hilo la watoto sisi tuna nafuu. Mtoto aliyezaliwa nje anaweza kurithi uraia kwa baba au kwa mama ambaye si raia kwa kurithi tu. Sasa kama mama anaweza kumpa mtoto uraia, kwa nini ndoa yake isimfungulie njia baba wa mtoto huyo?

Na mizani hii haichezi Mara peke yake. Serikali yetu hii hii ilitoa uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia hapa mwaka 1972, jambo lililosifiwa dunia nzima. Miaka michache baadaye, Septemba 2013, ikaja Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita. Katika msako huo waliguswa hadi watu waliokaa nchini miaka na miaka, wenye wake, waume na watoto Watanzania. Mkono uliokumbatia na mkono uliofukuza ni wa mwili mmoja.

MWENYEJI WA BUTIAMA ALISEMAJE?

Kinachouma zaidi ni kwamba kijana wa kisa chetu anataja Butiama kuwa ndiko alikozaliwa. Butiama! Nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, alikozaliwa mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, pale Mwitongo.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi. Mwalimu, wakati huo Waziri Mkuu, alikataa katakata. Msimamo wake ulikuwa kwamba uraia ujengwe juu ya utii kwa nchi, siyo rangi ya ngozi, na akasema wazi kuwa serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali ubaguzi huo. Muswada ukapita alivyotaka.

Kama rangi haikutosha kuwa kipimo mwaka 1961, jina na lafudhi vinatoshaje leo? Na jinsia je?

MLANGO ULIOFUNGWA

Kuna jambo jingine la kujua. Kifungu cha 23 cha sheria hiyo kinasema uamuzi wa Waziri kuhusu maombi ya uraia haukatiwi rufaa mahakamani. Katika hukumu ya 2018, Mahakama ya Afrika iliiagiza Tanzania irekebishe sheria ili mtu anayebishaniwa uraia wake apate pa kukimbilia. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Kwa kifupi, njia aliyopita kijana wa Butiama mwingine hawezi kuipita tena.

KABLA HUJASEMA "NDIYO"

Hatukutishi mpenzi msomaji, tunakuandaa. Kama wewe au mchumba wako mna damu ya mpakani, fanyeni haya:

• Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Zitumieni siku hizo kukusanya karatasi, siyo kuchagua sare peke yake.

• Tafuta cheti chako cha kuzaliwa na chochote kinachoonyesha wazazi wako walizaliwa wapi: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha shule. Bibi na babu wakiwa hai, waulize sasa. Wakishaondoka, wanaondoka na ushahidi.

• Weka nakala sehemu mbili. Nyumba huungua na mabegi huibwa.

• Ofisa akichukua hati yako, omba kwa heshima akupe maandishi. "Afande, naomba unisaidie karatasi inayoonyesha umeipokea." Siyo ugomvi huo, ni kinga.

• Wifi aliyetoka nje asikae akidhani cheti cha ndoa ndicho uraia. Haki ya kuomba si sawa na kupewa bila kuomba, na akiupata atalazimika kuachana na uraia wa kwao.

• Shemeji naye asiache kibali kiishe muda kwa sababu "wananifahamu mtaani". Mwenyekiti wa mtaa anakufahamu, kompyuta ya Uhamiaji haikufahamu.

• Andikisheni kuzaliwa kwa mtoto mapema. Usimrithishe mtoto tatizo ambalo ungeweza kulimaliza akiwa mchanga.

Na wewe dada wa Bunda, wa Musoma, wa Butiama, mbunge wako anapokuja kuomba kura msimulizishe lami na maji, halafu muulize na hili: "Mheshimiwa, wifi yangu na mume wangu wana tofauti gani?" Akikosa jibu, ujue swali limefika.

Mapenzi ni ya wawili, ndoa ni ya koo mbili, na pale mpakani ni ya serikali mbili. Wawili wakipendana na koo zikikubaliana, haki ya serikali ni kuuliza maswali. Ila maswali hayo yawe mamoja kwa kaka na kwa dada, leo na kesho.