Haki ya Mchuuzi wa Njiani

Kila mji mkubwa wa Afrika una masoko mawili: soko lenye kuta, na soko lisilo na kuta. Katika Dar es Salaam yote mawili yamekutana Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na Carrier Corps, yaani wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Jengo kubwa la soko lilifunguliwa mwaka 1975, nalo likaungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Lakini nje ya jengo hilo, katika Mtaa wa Kongo na mitaa iliyo jirani, wachuuzi waliendelea kutandaza bidhaa zao chini na kutembeza nguo mabegani kama ilivyokuwa desturi yao. Watu wa mjini huwaita Wamachinga.

Wako miongoni mwetu wanaomdharau mtu wa kazi hii, wakamwona kama mtu asiye na kazi. Hayo ni makosa. Abdurrahman bin Auf, Allah amwie radhi, alipohamia Madina hali hana kitu, ndugu yake wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kuuza jibini kavu na samli. Mtu huyo ni mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Basi haifai kumcheka kijana atembezaye soksi juani ili asinyooshe mkono kuomba.

Na sasa tutawasimulia wasomaji wetu jambo lililotupata sisi wenyewe, wala hatulisimulii kwa kujisifu, kwani kosa lilikuwa letu.

Mwezi wa Oktoba 2021, jua likikaribia kuchwa, tulisimama njiani Kariakoo kumnunulia mtoto viatu vya kwendea madrasa. Kijana mwenye viatu alitaja shilingi 18,000. Tukavuta chini, naye akavuta juu. Tukajifanya twaondoka, akatuita. Mwisho tukapatana kwa 11,000. Tukampa 20,000, akatupa chenji kwa haraka, maana wateja wengine walikuwa wakimwita. Tukarudi nyumbani tumefurahi, tukawahadithia watu wetu jinsi tulivyomshinda.

Baada ya sala ya Isha tulihesabu fedha. Badala ya 9,000 zilikuwa 14,000. Kijana yule alikosea noti katika giza la jioni. Tukasema, "Kesho tutamrudishia." Kesho ikawa na shughuli zake, na keshokutwa vile vile. Tulipokwenda hatimaye, barabara ilikuwa nyeupe. Serikali ilikuwa imewaamuru wachuuzi waondoke kandokando ya barabara na kwenda mahali walipopangiwa, na pale palipokuwa na viatu hapakuwa na mtu wala turubali.

Ndipo tulipotambua uzito wa jambo lenyewe. Mwenye duka, hata ukichelewa mwezi, utamkuta. Mchuuzi hana mlango wala kibao chenye jina, na haki yake ikiwa mikononi mwako, utampelekea wapi? Twajua kwamba mwenye mali asipopatikana baada ya kutafutwa kwa dhati, mali yake hutolewa sadaka kwa niaba yake, na akitokea hulipwa. Lakini sharti ni kutafuta kwanza, wala si kujisamehe upesi.

Tukatafuta. Muuza maji alituelekeza kwa muuza mikanda, na muuza mikanda akatupeleka kwa mwenzake wa zamani. Na siku ya nne tulimkuta kijana wetu Ilala, amekaa mbele ya viatu vyake, wateja hawajamjua bado. Tukampa 5,000 zake na kumtaka radhi. Alizitazama kitambo, kisha akasema, "Mzee wangu, siku ile nililala bila kula."

Akatueleza kwamba viatu vile havikuwa vyake. Vilikuwa mali kauli: huvichukua asubuhi kwa tajiri wa dukani kwa ahadi ya mdomo tu, na jioni humpelekea fedha. Zikipungua, hujaza yeye. Akishindwa kujaza, kesho hapewi mzigo. Faida yake yote ya siku ile, ambayo sisi tuliikata kwa maneno yetu, haikufika hata 5,000. Hatukuwa na jibu.

Enyi vijana wetu, na enyi akina mama mnaokwenda sokoni, kupatana bei si haramu. Lakini biashara ya Kiislamu ni ile ambayo wote wawili hutoka wameridhika. Mtume (s.a.w.) alimwombea rehema mtu aliye mpole auzapo na anunuapo. Mpole si yule anayemkamua maskini shilingi ya mwisho, kisha akaingia dukani na kulipa bei iliyoandikwa pasipo kuuliza neno.

Na mchuuzi naye ana wajibu wake. Asifiche tundu la nguo kwa kukunja, wala asiape kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba alinunua kwa bei ambayo hakununua. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali. Asiuze simu asiyojua ilikotoka, nasi tusiinunue kwa kuwa ni rahisi, maana nyuma ya urahisi huo huenda yuko mwenzetu anayelia.

Basi tuhesabu chenji pale pale, mbele ya macho ya wote wawili. Ikizidi, tuirudishe kabla mguu haujaondoka. Ikipungua, tudai kwa adabu. Na kosa likigunduliwa nyumbani, safari ya kurudi ifanywe siku ile ile. Sisi tulichelewa, naye mtu akalala na njaa kwa sababu ya kuchelewa kwetu. Mwenyezi Mungu atusamehe, na azitakase chumo zetu sote, wauzao na wanunuao. Amin.