Skrubu ya Kisu cha Kukunja Isiyotaka Kulegea

Kisu cha kukunja ni chombo kidogo chenye kazi nyingi. Hukata kamba, huchonga kalamu, humenya chungwa, na bustanini hukata vikonyo vya miche. Kengee yake, yaani ule ubapa wa kukatia, huzunguka juu ya skrubu moja iliyopita katika mpini. Hiyo ndiyo skrubu ya mhimili. Mchanga na uchafu ukijaa hapo kisu hukwama, nasi hatuna budi kuifungua skrubu ili tukisafishe. Hapo ndipo wengi huharibu visu vyao. Skrubu hukataa, nao hutumia nguvu hata kichwa chake kikalika, ama bisibisi ikateleza na kuwachoma kiganjani.

Kwanza, tazama vizuri kama kweli ni skrubu. Visu vya Opinel vya Ufaransa na visu vya kawaida vya Victorinox vya Uswisi, mathalani, hufungwa kwa ribiti, yaani msumari uliopondwa ncha zake. Ribiti haifunguliwi kwa bisibisi. Kisu cha Opinel kikiwa kigumu, aghalabu ni kwa sababu mpini wake wa mti umenyonya maji ukavimba. Kianike kivulini kikauke. Tena, kama kisu kina springi ya kurusha kengee nje, usikifungue wewe, mpelekee fundi.

Ikiwa ni skrubu, jiulize ni kitu gani kinachoishika. Sababu kubwa ni mbili, nazo ni gundi na kutu.

Viwanda vingi hutia tone la gundi katika hesi za skrubu ili isilegee yenyewe kila kisu kinapokunjwa na kukunjuliwa. Gundi ya namna hii ilibuniwa mwaka 1953 na Vernon Krieble, mwalimu wa kemia katika Trinity College, mjini Hartford, Marekani, ikaja kuuzwa kwa jina la Loctite. Ajabu yake ni kwamba ikipata hewa hubaki majimaji, bali ikibanwa kati ya chuma na chuma, mahali pasipo hewa, huwa ngumu. Iko ya kadiri, ambayo hushindwa kwa bisibisi peke yake, na iko kali, ambayo huhitaji joto la kadiri ya sentigredi 250. Ama kutu, hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo huijaza hesi na kuikaza skrubu.

Sasa tafuta bisibisi inayofaa. Visu vingi vya siku hizi vina skrubu za Torx, zilizobuniwa Marekani mwaka 1967. Tundu lake lina pembe sita. Si ile nyota ya ncha nne tuliyoizoea. Mara nyingi mhimili huhitaji ya namba T8, ambayo upana wake ni kiasi cha milimita 2.4, na skrubu ndogo za mpini huhitaji T6. Bisibisi ikicheza ndani ya tundu, usiitumie. Ndiyo inayokula vichwa vya skrubu.

Kisha fuata taratibu hii:

1. Kunja kisu, ukifunge kwa kitambaa ili kengee isifunguke, nawe ukilaze juu ya meza. Usikishike kiganjani.

2. Chokoa uchafu wote uliomo katika tundu la skrubu kwa sindano, ili bisibisi izame mpaka chini.

3. Kandamiza sana, kisha zungusha polepole kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Nguvu nyingi iwe ya kukandamiza, na kidogo tu iwe ya kuzungusha. Ikiwa skrubu yazunguka bure, huenda upande wa pili nao una kichwa; basi tia bisibisi ya pili huko na kuishika.

4. Ikikataa, tumia joto. Weka ncha ya chuma cha kulehemia juu ya kichwa cha skrubu kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja, kisha jaribu mara hiyo hiyo kabla haijapoa. Usikitie kisu chote motoni. Chuma chake kilitiwa matiko kiwandani, na kikipashwa kupita kiasi matiko huondoka na makali hayadumu tena. Ukiwa na mpini wa plastiki, angalia usiyeyuke.

5. Ikiwa ni kutu, ngoja chuma kipoe kabisa, ndipo utie tone la mafuta mepesi ya kulegeza kutu, ukiache usiku kucha. Mafuta karibu na chuma cha moto huweza kuwaka.

Kichwa kikianza kulika, acha mara moja. Weka kipande chembamba cha mpira kati ya bisibisi na tundu, ujaribu mara moja tu. Kisipokubali, mpe fundi. Kichwa kilicholika kidogo bado chafunguka. Kilicholika chote hakina ila kutobolewa kwa keekee.

Ukikwisha kusafisha, kwangua gundi ya kale, tia tone dogo la gundi ya kadiri katika hesi, wala isifike kwenye kengee. Kaza mpaka kengee isiyumbe, lakini ikunjuke kwa wepesi. Acha kisu kwa saa 24 gundi ikauke.

Yote haya hayahitaji mkono wenye nguvu. Yahitaji kujua kwanza kinachoishika skrubu, ndipo mkono ufuate. Mwenda pole hajikwai.